Hakipo

Kisakinishi kilifika asilimia sabini na mbili
kikasimama, kama karani aliyekumbuka chai.
Kwenye skrini, maandishi meupe juu ya weusi:
kifurushi hakipo.
Nikabonyeza jaribu tena.
Hakipo.
Nikachomoa flashi, nikaipuliza
(sababu siijui, sote huipuliza),
nikaichomeka tundu la pili.
Hakipo, ikasema, bila hasira.

Shule iko Dandora, awamu ya nne.
Chumba kilikuwa stoo ya madawati mabovu.
Kompyuta kumi na moja, msaada wa benki
iliyobadilisha samani zake;
bado zina vibandiko: Mikopo. Kaunta 3. Usiguse.
Intaneti hakuna. Waya uliahidiwa muhula wa kwanza,
mtaro ukachimbwa, mvua ikaujaza,
vyura wakahamia.

Mwalimu Kerubo akauliza, "Kinachokosekana ni nini hasa?"
Nikasema: kile cha kuiwezesha mashine ishike mtandao.
"Na kinapatikana wapi?"
Mtandaoni.
Akanitazama vile unavyomtazama mtu
aliyefungia ufunguo ndani ya nyumba
kisha akasimama mlangoni kupiga hodi.

Nikaandika jina lake nyuma ya karatasi ya mtihani,
herufi kwa herufi, vistari, tarakimu za toleo,
maana ukikosea nukta moja
unamleta jirani asiyefahamiana na yeyote.
Nikashuka mjini, Luthuli, juu ya duka la spika,
kwa Musembi mwenye intaneti ya kasi na maneno machache.
Shilingi hamsini. Nikarudi.
Kifurushi kikaingia, kikatazama huku na huku, kikasema:
peke yangu siwezi, namtegemea fulani.
Fulani hakuwepo.

Kesho yake nikamleta fulani.
Fulani ana shangazi.
Shangazi anataka mjomba wa toleo jipya,
na mjomba wa zamani kesha jilalia, hataki kuhama.

Bibi yangu alipenda kusema
mtegemea cha nduguye hufa maskini.
Bibi hakuwahi kusakinisha kitu.
Humu ndani hakuna kisichotegemea cha nduguye:
herufi ninayoibonyeza imeegemea fonti,
fonti imeegemea maktaba,
maktaba imeegemea kitu kidogo
kilichoandikwa usiku na mtu nisiyemjua,
ambaye pengine aliacha kazi hiyo zamani
na sasa anafuga kuku.

Siku ya nne sikuuliza nini hakipo.
Nikaiambia mashine: nitajie wote unaowahitaji,
na wale ambao hao nao wanawahitaji,
hadi yule wa mwisho asiyemdai mtu.
Ikataja mia moja na kumi na wanne.
Musembi akaisoma orodha, akapiga mluzi,
ndiyo hotuba yake ndefu kuliko zote.
Niliwabeba wote mfukoni, pamoja na funguo na njugu.
Nikaiambia mashine: mtandao wako ni folda hii,
usitazame nje.
Ikakubali.
Sabini na tatu. Sabini na nne.

Darasa la sita wakaingia, wawili wawili kwa kiti.
Kerubo akaita majina.
"Atemo?"
"Hayupo," wakajibu kwa pamoja, kwa mazoea.
Kalamu ilikuwa tayari hewani
kijana wa nyuma aliposema,
"Mwalimu, viatu ni vya zamu. Asubuhi vina kaka yake.
Yeye huja mchana."

Kerubo alikaa na kalamu ile muda.
Mimi nilijifanya nakaza skrubu.
Kisha akaomba penseli, akaandika kitu kifupi
ambacho sikukiona,
na akaniuliza kama ile ya kumi na moja, karibu na dirisha,
inaweza kuachwa bila kuzimwa.

Inaweza.
Nikakibandua kile kibandiko cha Usiguse kwa ukucha.
Kilitoka nusu.